Mbele ya Nyumba ya Bibi Iyamide

Kola ilipokataa mara ya tatu, watu wote waligeuka wakanitazama mimi. Sikushangaa. Ukiolewa kwenye ukoo wa watu, jambo likiharibika, macho huwa yanajua pa kwenda.

Ilikuwa siku ya arobaini tangu Bibi Iyamide afariki. Tulikuwa uwanjani kwake Gloucester, juu mlimani, Freetown ikiwa chini yetu ndani ya ukungu. Mvua ya Agosti ilikuwa imetupa nafasi ya kupumua. Tangu alfajiri tulikuwa tukipika: kunde kwa mawese, ndizi za kukaanga, viazi vitamu, mikate ya mchele, na ndoo nne za tangawizi ya kunywa. Watu sitini hivi walikuwa wameketi chini ya turubai, matumbo yakinguruma, na hakuna aliyeruhusiwa kuonja hata punje. Kwenye awujo, karamu hii ya arobaini, anayekula kwanza ni marehemu. Anachimbiwa shimo uwanjani, chakula cha kila aina kinachanganywa na kutiwa humo kwa ajili yake na waliomtangulia, halafu vipande vinne vya kokwa ya kola vinarushwa chini kumwuliza kama amepokea. Viwili vikitazama juu na viwili chini, amepokea, na walio hai wanaweza kula. Vyetu vilikuwa vimelala kifudifudi vyote vinne, mara tatu mfululizo.

"Hataki," alisema Shangazi Onike.

Ndiye aliyekuwa akirusha. Ana miaka sabini na minne, na ndiye mtoto pekee wa Bibi aliyebaki hai. Marehemu mume wangu Bankole alikuwa mwana wa kaka yake. Wiki ile mama yake alipofariki, Shangazi alikuwa amelazwa hospitali mjini, nyonga imevunjika. Hakumwona mama yake akikata roho, hakumwona akioshwa, hakumwona akizikwa. Siku zote arobaini alikuwa na neno moja tu: mama nitamlisha kwa mkono wangu. Tangu jana yake mchana hakuwa ametia kitu kinywani, na nilipompelekea uji asubuhi alinirudishia kikombe bila hata kukitazama.

"Shimo silo," akasema.

"Shangazi, shimo ndilo," alisema shemeji yangu Abioseh, mdogo wake Bankole, huku jasho likimtoka, maana ndiye aliyelichimba. "Mbele ya nyumba, nimeteremka kidogo, hili hapa jiwe. Nimepima kwa futi kabisa."

Abioseh ni mpima ardhi wa serikali. Huyo hata chumvi akiambiwa ongeza kidogo atatafuta rula.

"Basi kama umepima," akasema Sisi Bidemi, yaani Dada Bidemi, jirani wa bondeni, akiwa amekumbatia sahani yake tupu, "labda marehemu hajui kusoma futi. Au aliyeleta maneno aliyaangusha mengine njiani. Mtu wa Korogwe na mambo ya shimo la watu, wapi na wapi!"

Watu wakacheka. Njaa inamfanya mtu acheke lolote. Mimi sikucheka hata kidogo. Miaka ishirini na tisa nimeishi na watu hawa, saba ya mwisho nikimwogesha Bibi na kumlisha baada ya Bankole kufariki, na bado mdomo wa Bidemi ulijua kunirudisha Korogwe bila nauli.

"Sisi Bidemi," nikamwambia, "ningeangusha maneno njiani, ungekuwa umeshayaokota wewe ukayauza sokoni kabla ya saa nne."

Lakini moyoni nilikuwa nimeshikwa na hofu. Maneno yale kweli niliyabeba mimi, peke yangu. Hakukuwa na mwingine wa kuulizwa. Awujo zote za ukoo huu zilifanyika kwenye nyumba yao kubwa ya mjini, mpaka vita vikaiteketeza, nyumba na uwanja wake. Hapa Gloucester ilifanyika moja tu, ya mama yake Bibi, wakati Bibi mwenyewe akiwa msichana na Shangazi Onike hajazaliwa bado. Miezi miwili kabla ya kufa, Bibi alinishika mkono akaniambia: "Msinilishe popote mnapopenda. Nilisheni pale alipolishwa mama yangu, tule pamoja. Mbele ya nyumba. Teremka kidogo, karibu na lile jiwe lililokaa. Ukisikia maji, umepita."

Sikusahau hata neno. Ningesahauje, na Bibi huyu ndiye aliyenifundisha Kikrio chake kwa kunituma vitu nyumba nzima?

Nilipofika kwao niliidharau lugha ile, nakiri. Nilisikia kineno kimoja tu, *na*, kikitumika kila mahali. Mtu yuko *na* nyumba, kitabu kiko *na* meza, ameanguka *na* mti, anatoka *na* mji, anakwenda *na* mji. Nikasema moyoni, maskini, hawa hawana hata maneno ya kuwekea vitu mahali pake. Bankole alinicheka mpaka akashika ukuta. "Na nyinyi mnaotia *ni* kila kitu? Mezani, nyumbani, mjini, mtini! Kitabu kiko ndani ya meza au juu yake?" Nimezaliwa na lugha yangu na siku hiyo ndiyo niliyoiona.

Halafu Bibi akanifungua macho zaidi. Kwake kila kitu kilikuwa na mwili. Mlango una mdomo, nyumba ina uso na mgongo. Kijiti kikiwa kimesimama hakisemwi sawasawa na kijiti kilicholala. Kushoto na kulia hakuvitumia kamwe; sisi tuko mlimani, alisema, na mlima hauna kushoto. "Chumvi iko upande wa juu wa sahani," angeniambia mezani, na kweli, ukinyoosha mkono kuelekea kileleni unaikuta. Kanisani angemsukuma mtu kwenye benchi: "Hebu sogea chini kidogo, mama," na mtu anasogea upande wa baharini bila kuuliza. Macho yalipomfa, hakupotea hata siku moja ndani ya nyumba ile. Mimi mwenye macho mazima nilikuwa nikitafuta ufunguo, yeye yuko kitandani ananielekeza: hapo ulipo, hapana, pale, hapana, *yanda*, kule kabisa, mgongoni kwa redio. Nilimpenda kwa hilo. Nilikuwa nikificha vitu makusudi ili nimsikie akivipata.

Na ukimwuliza hali, "Hujambo Bibi?", alikuwa na jibu moja, la Wakrio wote: *A de*. Nipo. Hakusema mzima wala mgonjwa. Alisema yupo, kana kwamba kuwa mahali ndiyo afya yenyewe. Siku niliyolitambua neno lile nililia, maana na sisi kwetu tunasema hivyohivyo, na nilikuwa sijalisikia kwa miaka mingi.

Basi mtu wa namna hiyo hakosei kuelekeza shimo. Kama kuna kosa, ni la wasikilizaji.

"Tuchimbe jingine," Abioseh akasema. "Jiwe jingine hili hapa, karibu zaidi na mfereji wa barabara. Maji si ndiyo hayo ya mfereji?"

"Mfereji ule umejengwa juzi na kampuni ya barabara," nikasema. "Bibi angeuita mfereji. Alisema maji."

"Shemeji, maji ni maji."

"Wewe ndiye msomi."

Akachimba. Tukatia chakula, Shangazi akarusha. Kifudifudi, vyote vinne. Uwanja wa mbele sasa ulikuwa na mashimo mawili na umeanza kufanana na tuta lililovamiwa na nguruwe. Chini ya turubai mtoto alianza kulia anataka ndizi, mama yake akamziba mdomo. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya upole kwamba huko kwao, kola ikikataa sana, watu huomba radhi kwa marehemu na kula tu, wasije wakawa marehemu na wao.

"Kuleni," Shangazi Onike akasema.

Hakuna aliyesimama.

"Nimesema kuleni! Chakula kisiharibike. Mama hakuitaka sahani yangu. Nilikuwa wapi alipokuwa akiniita? Nilikuwa nimelala kitandani kwa watu, mguu umening'inia. Mnadhani atanipokea leo kwa kuwa nimempikia kunde?"

Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Aliviokota vile vipande vinne vya kola, akavifunga kwenye pindo la kitambaa chake, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na shimo na kugeuzia turubai mgongo. Nilimhurumia. Nikaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Shangazi, maneno ni yale yale. Naapa."

"Najua, mwanangu. Sikulaumu wewe." Akaniwekea mkono begani. Halafu akauliza jambo ambalo kwa siku arobaini hakuliuliza. Nadhani alikuwa akiliogopa. "Niambie siku ile ilivyokuwa. Mlimtoaje mama yangu?"

Nikamtazama Abioseh. Abioseh akatazama koleo lake. Jambo hilo tulikuwa tumeapizana kutomwambia kamwe.

Mtu wa heshima hapa hutoka kwake kwa mlango wa mbele. Jeneza hubebwa kutoka sebuleni, likashuka barazani mbele ya mchungaji na kwaya na majirani wote waliovaa rangi nyeusi. Ukimtoa mtu kwa mlango wa nyuma, umemtoa kama uchafu. Na sisi, mtu mwenye miaka tisini na saba, nguzo ya kanisa, tulimtoa kwa mlango wa jikoni.

"Sema," Shangazi akasema.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo," nikaanza. "Juma la mwisho alituita, mimi na Abioseh. Akasema, 'Msinitoe barabarani. Nitoeni kwenye ngazi za mawe.' Akatutaka turudie alichosema, kama watoto wa shule."

"Ngazi gani za mawe?"

"Zile za nyuma ya jiko."

"Tulidhani akili imeanza kumtoka," Abioseh akasema haraka. "Lakini alikuwa ametuapisha, Shangazi. Tukambeba hivyo. Mchungaji anangoja barabarani na vitabu vya nyimbo, sisi tunapita katikati ya masufuria, tunashuka ngazi, tunazunguka nyumba nzima kwenye matope ndipo tunamfikia. Watu walituona. Wengine walicheka."

"Mimi sikucheka," Bidemi akasema kutoka nyuma yetu. Alikuwa amesogea kusikiliza, sahani kifuani. "Nilisema tu kwamba ni aibu."

Nilingoja Shangazi atulaani. Badala yake alikunja uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Ngazi zile ni ngapi?" akauliza.

"Tisa," Abioseh akajibu. Huyo alikuwa amezihesabu, bila shaka.

"Upana wake?"

"Futi saba na ushei. Mawe ya kuchongwa."

"Futi saba. Mawe ya kuchongwa," Shangazi akarudia. "Tangu utotoni nazipita zile ngazi kwenda kuanika nguo, na sijawahi kujiuliza. Nani hujenga ngazi za bwana harusi kwa ajili ya kumwaga maji ya vyombo?"

Abioseh alikuwa ameacha mdomo wazi, koleo mkononi.

"Barabara," akasema. "Mungu wangu. Ofisini tuna ramani ya zamani sana ya kijiji hiki. Barabara hii haimo! Kuna njia ya miguu tu, inafuata kijito, chini ya matuta. Nimeiona mara mia."

"Kwa hiyo watu walikuwa wakifika hapa kutoka..." nikaanza.

"Kutoka kule. Bondeni. Barabara ilipoletwa upande huu ndipo wakatoboa mlango huu, wakajenga baraza. Nyumba iligeuzwa uso."

"Haikugeuzwa," Shangazi akasema. "Mama hakuigeuza. Ni sisi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona haya kwa ajili yetu sote. Miaka themanini magari yamepita upande mmoja, wageni wameingia upande mmoja, barua zimeletwa upande mmoja, na kwa Bibi uso wa nyumba ulibaki pale ulipozaliwa. Kwake uso si kitu cha kuhamishwa na barabara. Alituambia wazi kabisa mahali pa kumlisha, na alituambia wazi kabisa mahali pa kumtolea, na yote mawili yalikuwa neno moja. Tungelisikia kama tusingekuwa tumelificha la pili kwa aibu.

"Niinueni," Shangazi akasema.

"Tutazunguka nje, kuna matope kidogo tu," Abioseh akasema.

"Sizunguki. Nipitisheni mlipompitisha yeye."

Basi tukaingia ndani. Nilimshika mkono mmoja, mwingine ukiwa na fimbo. Tukapita sebuleni, tukapita mlango wa chumba cha Bibi, akasimama hapo kidogo, akaushika mdomo wa mlango kwa vidole vyake. Tukapita jikoni katikati ya masufuria, wanawake wakitupisha na miko yao mikononi. Tukatoka. Ngazi zilikuwa na kuvu na majani ya migomba, na kila moja tuliishuka kwa muda wa sala nzima, maana nyonga ile haikuwa imepona. Nilimwambia apumzike. Akaniambia ninyamaze. Wageni walikuwa wameanza kutufuata, wengine kupitia jikoni, wengine wakizunguka, na Bidemi mbele yao.

"Hapa mlimshusha hivi?" aliniuliza kwenye ngazi ya mwisho.

"Hivi hivi. Miguu mbele."

"Mbele," akasema. "Kumbe mama yangu alitoka kwa mlango wa mbele." Ndipo alipolia.

Tulimwacha alie. Alipomaliza tukateremka kidogo, kama tulivyoambiwa. Migomba ilikuwa imefunika kila kitu, Abioseh akaifyeka kwa koleo. Jiwe lilikuwa pale. Halikuwa limesimama wala halikuwa limelala. Lilikuwa pana chini, limeinama kidogo juu, na mtu yeyote mwenye macho angesema limekaa. Nilipiga hatua tatu zaidi kuelekea bondeni na nikasikia kijito.

"Nimepita!" nikapiga kelele. "Nasikia maji, nimepita!"

"Rudi basi, mwanamke!" Bidemi akaniitikia. "Watu tunakufa njaa!"

Abioseh hakutoa futi. Alichimba kando ya jiwe, na udongo ulikuwa laini, mweusi, tofauti na wekundu wa uwanja mzima. Alipofika urefu wa mkono, koleo likagonga kitu. Kilikuwa kipande cha sahani ya udongo, cheupe, kina ua la buluu pembeni. Akampa Shangazi. Shangazi akakifuta kwa kidole, akakirudisha shimoni taratibu, upande wenye ua ukitazama juu.

Sahani zikaletwa. Hakukubali kusaidiwa. Alikaa juu ya jiwe, fimbo magotini, akachota kwa mkono wake: kunde, ndizi, viazi, mkate, kidogo cha kila kitu, akakiweka chini, hakukitupa. Alimwita mama yake kwa jina lake la nyumbani, na mama wa mama yake, na kaka yake, na Bankole wangu. Sikuwa nimetegemea kumsikia Bankole. Halafu akafungua pindo la kitambaa na kurusha kola.

Sitasema vilizunguka angani muda mrefu. Vilianguka tu, tap, kama mbegu. Viwili vikitazama juu, viwili vikitazama chini.

Watu walishangilia mpaka ndege wakaruka kwenye migomba. Bidemi alinikumbatia mimi, akanipaka mawese mgongoni, akasema alijua tangu mwanzo kwamba mtu wa Korogwe hawezi kuangusha neno. Nilimwacha aseme.

Shangazi Onike hakusikia kelele hizo. Alikuwa akitazama mkono wake, uliobaki na kunde chache na mafuta. Akaupeleka mdomoni, akala, akalamba vidole kimoja kimoja.

"Mama yako hajambo?" nikamwuliza.

"Yupo," akasema, akaninyooshea sahani nimwongezee.